Yotamu, Dereva wa Wagonjwa Aliyejifunza Kulala

Jua bado halijachomoza juu ya misheni ya Ilulamba, na baridi ya mwezi Juni imeganda kwenye majani hata ukiyakanyaga yanalia. Yotamu Mwaisaka anatoka jiko la hospitali akiwa amebeba debe la maji ya moto kwa mikono miwili. Anayamimina polepole katika rejeta ya Landrova, anafunga kifuniko, anapuliza vidole vyake, kisha anachomeka hendeli mbele ya gari na kuizungusha.

Gari linakohoa, linanyamaza. Anazungusha tena. Linakohoa, linanyamaza.

"Halipendi baridi," anasema bila kukasirika. "Nami silipendi likiwa hivi. Lakini tumezoeana."

Linapowaka hatimaye, anakwenda nyuma kuchungulia chini ya turubai. Amelala humo mzee aliyevunjika mguu, anayesubiri kupelekwa Iringa. Yotamu anamwongezea blanketi, anazikaza kamba za ubao uliofungwa mguuni, kisha anamwuliza kama amelala vizuri. Anamwuliza kwa Kihehe chake cha kuokoteza, na mzee, pamoja na maumivu yake yote, anacheka.

Ukimwona asubuhi kama hii, mtu mpana wa mabega, mwenye mvi za kuhesabika na sauti ya chini, akipiga mluzi wimbo wa kanisani huku akishusha gari mlimani, huwezi kudhani kwamba mwaka jana tu alikwenda kwa Bwana Mganga, daktari wa misheni, kuomba aachishwe udereva, apewe jembe akalime bustani ya misheni.

Haikuwa kwamba aliogopa gari, wala barabara.

"Nilikuwa naogopa jioni," anasema. "Mchana una kazi, utafanya. Jioni ikifika unakaa na nani? Unakaa na yale ya mchana."

Ilulamba iko ukingoni mwa nyanda za juu, kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya. Ukisimama nyuma ya wodi ya wanawake, unaiona mbuga ya Usangu chini imetandaa, na siku za masika unaona maji yake yakimeta mpaka macho yachoke. Hospitali ina gari moja tu. Mgonjwa anayehitaji upasuaji mkubwa hupelekwa Iringa au Mbeya, kutegemea mto gani umejaa.

Yotamu si mwenyeji wa huku. Alizaliwa Rungwe, kwenye migomba na mvua isiyojua kukoma. Udereva alifundishwa jeshini wakati wa vita, akaendesha malori huko Uhabeshi na baadaye Burma. Aliporudi, alimwendeshea mfanyabiashara mmoja wa Mbeya lori la mchele kutoka Usangu. Mwaka 1951 alisikia kwamba misheni inatafuta dereva, akaja na mkewe Damari, watoto wao, na sanduku la bati.

"Vita havikumharibu," anasema Damari, mwanamke mrefu mwenye maneno yaliyonyooka. Amekaa jikoni kwake akimenya viazi. "Alirudi kutoka huko akicheka. Wengine walirudi wanaota, wanapiga kelele. Huyu wangu alilala kama gogo. Kilichomshika kilimshika hapahapa."

Kilichomshika ni siku moja ya mwezi Machi, mwaka 1956.

Siku hiyo mtu alifika Ilulamba kwa baiskeli, ametapakaa tope mpaka kichwani. Alitumwa kutoka Itundwe, kijiji kilichoko kule chini mbugani. Kulikuwa na mtoto wa kiume, anaanza kujua kuongea, amebanwa na kifua hata hawezi kunyonya. Baba yake, Kalinga, alikuwa mbali kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Mama yake, Lusia, alikuwa peke yake.

Yotamu aliondoka papo hapo. Njia ya kwenda Itundwe inavuka mto uitwao Lyandala. Wakati wa kiangazi watu huuvuka bila kukunja suruali. Asubuhi ile ulikuwa umepanda, lakini magogo yaliyolazwa kama daraja yalikuwa bado yapo, naye alipita.

Alimkuta Lusia amesimama mlangoni, mtoto amefungwa kifuani kwa kitenge. Alimpandisha kiti cha mbele, penye joto, wakaondoka. Walipofika mtoni wakirudi, magogo hayakuwepo tena.

"Nilishuka," Yotamu anasimulia. "Nikakata fimbo, nikaingia kupima. Hatua chache tu maji yakanifika kifuani, yakataka kuninyanyua. Nikarudi. Nikaenda juu, nikaenda chini, nikitafuta mahali mto umetanuka. Hakuna. Nikarudi garini, nikamwambia, mama, tungoje kidogo, maji ya huku hupungua upesi. Kweli hupungua upesi. Siku ile hayakupungua."

Mvua ilirudi. Walikaa ndani ya gari, yeye, mama na mtoto, maji yakipiga turubai. Yotamu aliacha injini ikiunguruma ili mtoto apate joto, na mara kwa mara alishuka kutazama jiwe alilokuwa ameliwekea alama kwa macho, kama limeanza kuonekana. Kila alipopanda tena, alimsikiliza mtoto anavyohema.

Alasiri Lusia aliongea.

"Zima gari, baba," alisema. "Hatuna haraka tena."

Yotamu anaendelea kwa sauti ileile ya chini.

"Nikazima."

Aligeuza gari akawarudisha Itundwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyembeba mtoto kutoka barabarani hadi nyumbani. Alibaki na wanaume wa kijiji mpaka kaburi likachimbwa, akashika jembe zamu yake kama wengine. Kesho yake maji yalipopungua alivuka, akarudi kazini.

Hakuna aliyemlaumu. Bwana Mganga alimwambia kwamba hata kama wangevuka, huenda mtoto asingepona. Wazee wa kanisa walimwombea. Wenzake walimwambia yaliyopita si ndwele.

"Kwangu yalikuwa ndwele hasa," anasema Yotamu. "Nikilala, nahesabu. Kama ningeondoka mapema kidogo. Kama nisingesimama kumsalimia yule fundi barabarani. Kama ningejaribu ule upande wa juu. Usiku mzima navuka mto, navuka mto. Asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala, halafu watu wananingoja kwenye gari."

Wa kwanza kuligundua jambo hilo kazini alikuwa Evarista, mkunga wa hospitali, Mhehe wa huko Kalenga mwenye mwili mdogo na macho yasiyokosa kitu. Siku moja ya baridi kali walikuwa wakirudi kutoka kijijini na mama mwenye kichanga. Yotamu alimpakia nyuma, kwenye upepo, na kiti cha mbele kikabaki kitupu.

"Nikamwuliza, Baba Anania, kwa nini mama anatetemeka nyuma na mbele hakuna mtu?" Evarista anakumbuka. "Akaniambia, 'Kiti hicho kina mtu.' Alisema hivyo, hakunitazama. Nilivua sweta langu nikampa yule mama. Tangu siku ile nilijua huyu ndugu yetu hayuko peke yake humo garini."

Nyumbani mambo hayakuwa nafuu. Anania, mtoto wao mkubwa, aliacha kumkimbilia babaye jioni. Yotamu hakuwa mkali. Hakupiga mtu, wala hakuonja pombe. Alikaa tu. Akiwekewa ugali, alikula. Akiwekewa viazi, alikula. Ukimwuliza amekula nini, hakujua.

"Alikuwa anarudi nyumbani lakini hafiki," anasema Damari. "Mwisho nikamwambia, Baba Anania, mto ule umeuleta ndani ya nyumba, na mimi na wanao tutazama humu. Niambie kilichotokea. Akasema, unakijua. Kweli nilikijua, kila mtu alikijua. Lakini hakuwa amenisimulia yeye kwa mdomo wake. Hicho ni kitu kingine."

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, Damari aliwachukua watoto akaenda nao kwao Rungwe. Hakuwa ameachika, anasisitiza. Alikwenda kupumzisha masikio yake kutokana na kimya. Alirudi kabla ya Krismasi kwa sababu aliota mumewe hana kuni. Alipofika alikuta kuni zipo tele, zimepangwa vizuri, hazijaguswa. Mwenyewe alikuwa akila viazi baridi jikoni mwa hospitali.

Huo ndio wakati Yotamu alipokwenda kuomba jembe. Bwana Mganga alimsikiliza, akamwomba avumilie masika ya mwaka huu wa 1958 mpaka dereva mwingine apatikane. Yotamu alikubali. Masika moja, alijiambia, halafu basi.

Mwezi Februari, mvua zikiwa zimepamba moto, Kalinga wa Itundwe alifika Ilulamba akisukuma baiskeli iliyokatika mnyororo.

Yotamu alikuwa chini ya gari akipaka grisi. Aliona kwanza miguu yenye tope, kisha akasikia mtu anabisha hodi juu ya bati la gari kana kwamba ni mlango wa nyumba.

"Kamwene," alisema mgeni. "Wewe ndiye dereva?"

"Ndimi."

"Mimi ni Kalinga, mume wa Lusia. Mke wangu ameshikwa na uchungu tangu jana, mtoto hashuki. Wanawake wa kwetu wameshindwa. Wamesema ni hospitali."

Yotamu alitoka chini ya gari, akaenda moja kwa moja kwa Evarista, akamwomba amtafute mtu mwingine wa kuendesha. Lakini mtu mwingine aliyejua kuendesha pale misheni alikuwa Bwana Mganga peke yake, naye alikuwa ndani akimpasua mgonjwa wa ngiri. Hakuweza kutoka.

Yotamu alirudi kwa Kalinga, akasimama mbele yake.

"Ndugu yangu," alimwambia, "lazima ujue kitu. Mimi ndiye niliyekuwa na mkeo siku ile."

"Najua."

"Mtoto wako alifia katika gari langu."

"Najua, baba. Mke wangu ndiye aliyenituma. Amesema nisikubali mwingine, nimlete yule yule."

"Kwa nini mimi?"

Kalinga hakuelewa swali lenyewe. Alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji huteremka.

"Amesema wewe hukuwaacha," alijibu. "Ulikaa nao mpaka mwisho, ukamrudisha, ukamzika mwanangu mimi nikiwa Mufindi. Mwingine atamjuaje?"

Evarista alikuwa tayari amepanda nyuma na mkoba wake. "Nilimwona amesimama," anasema. "Nikasema moyoni, Bwana, mpandishe huyu, mimi siwezi kumbeba. Akapanda."

Waliuvuka mto Lyandala kwa urahisi kuliko alivyoogopa. Daraja halikuwa limetengenezwa tena, lakini maji yalifika magotini tu, na Landrova ilipita ikitikisika juu ya mawe. Itundwe walimkuta Lusia amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, jasho linamtoka. Evarista alimpima, akatikisa kichwa, akasema twendeni sasa hivi.

Kalinga na jirani yake walimbeba mpaka barabarani. Nyuma ya gari palikuwa pametandikwa godoro la majani. Lusia aliliona akakataa.

"Nyuma patanirusha," alisema. "Nitakaa mbele, palepale."

Yotamu alifungua mlango wa mbele. Hakuna mama aliyekuwa amekaa kiti kile kwa karibu miaka miwili. Lusia alijiingiza taratibu akishikilia mlango, akaketi, akashusha pumzi. Evarista alijibana katikati, kati yake na dereva, na Kalinga akapanda nyuma.

Hawakuwa wamefika mbali mvua ikawakuta. Haikuwa mvua ya manyunyu. Yotamu anasema ilishuka kama mtu amepasua gunia la mtama. Walipofika Lyandala, maji yaliyokuwa magotini asubuhi yalikuwa yanapanda yakiwa mekundu, na vijiti na majani vinapita kwa kasi.

Alisimamisha gari ukingoni. Ilikuwa karibu na mahali palepale.

"Niliona kila kitu," anasema. "Niliona jiwe langu. Mikono ilikuwa kwenye usukani lakini haikuwa yangu. Nikasema, tungoje. Nilisikia sauti yangu inasema tungoje kidogo, maji ya huku hupungua upesi. Maneno yale yale!"

Evarista alimsihi ashuke apime. Hakusogea. Kalinga alipiga bati kutoka nyuma akiuliza kuna nini. Ndipo Lusia, aliyekuwa amefumba macho akisubiri uchungu upite, aliyafumbua.

"Baba," alimwambia, "ile siku ilikwisha. Jua lake lilituchwea mimi na wewe, tukaliona. Hii ni nyingine. Shuka utazame maji."

Yotamu alishuka.

Aliingia mtoni na fimbo. Maji yalimfika pajani, kisha kiunoni mahali pamoja tu, halafu yakapungua. Yalikuwa yanapanda lakini yalikuwa hayajashinda. Alirudi mbio. Alifungua boneti, akautoa mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye injini, akafunika mbele ya gari kwa gunia. Alimtaka Kalinga atangulie kwa miguu kwenye mstari wa mawe, amwonyeshe njia. Kisha akatia gia ndogo.

"Sijawahi kuendesha hivyo hata Burma," anasema, na hapo anacheka kwa mara ya kwanza tangu aanze kisa hiki. "Maji yaliingia mlangoni, yakatupita miguuni. Evarista anaimba. Mama naye uchungu umemrudia, ameshika shati langu hapa begani, analivuta. Nikasema, vuta mama, vuta, mradi usivute usukani. Gari likateleza kidogo kulia, moyo ukanitoka, likashika jiwe, likapanda. Tukatoka ng'ambo maji yanachuruzika kila tundu."

Alisimama upande wa pili kurudisha mkanda wa feni. Evarista anasema alimwona anashindwa kuutia kwa sababu machozi yalimziba macho, Kalinga akamsaidia kushika. Nyuma yao mto ulizidi kupanda, na haukupitika tena mpaka siku iliyofuata.

Mtoto wa Lusia alizaliwa jioni ile Ilulamba, wakati watu wanawasha taa. Alizaliwa amechoka, kimya, na Evarista alimpigapiga nyayo na kumsugua kwa kitambaa mpaka akalia. Yotamu alikuwa nje ya wodi amekaa chini kwenye baraza, miguu imelowa, hajavua hata viatu. Aliposikia kilio kile, aliegemea ukuta akafumba macho.

"Niliona kama mtu ameninyanyulia gunia begani," anasema. "Ni mtoto wa kike. Walimwita Juliana, jina la bibi yake. Watu huuliza kama walimpa jina langu. Mtoto wa kike aitwe Yotamu? Hapana, nashukuru hawakufanya hivyo."

Lakini Yotamu anasema si kilio kile kilichomponya. Furaha ya siku moja, anasema, nayo huisha jioni. Kilichomponya kilikuja baada ya siku kadhaa, alipopita wodini kumpelekea Lusia sukari ya uji. Lusia alikuwa ameketi kitandani, mtoto amelala mapajani. Yotamu, bila kujua anaanzaje, alianza kuomba radhi. Alisema kuhusu fundi aliyemsalimia njiani. Alisema kuhusu upande wa juu wa mto ambao huenda angeujaribu. Alisema kuhusu kiti cha mbele.

Lusia mwenyewe anaikumbuka siku hiyo. Mwandishi wa habari hii alimkuta Itundwe, nje ya nyumba yake, akipepeta mpunga huku Juliana akiwa mgongoni.

"Nilishangaa," anasema. "Nilidhani mimi tu ndiye ninayemkumbuka mwanangu. Kumbe kuna mtu mzima huko juu anatembea naye kila siku, anampandisha gari, anamshusha. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, baba, mtoto yule ni wangu. Mimi nilimzaa, mimi nilimlilia, mimi ninajua kaburi lake liko wapi na maua gani yameota. Niachie mimi. Wewe umembeba vya kutosha."

"Naye akasema nini?"

"Akasema, 'Haya, mama.' Akaenda."

Alikwenda nyumbani. Ilikuwa bado mchana, na Damari alishtuka kumwona saa hiyo. Yotamu aliketi kwenye kigoda jikoni, akamsimulia mkewe habari ya Machi ile, tangu mtu wa baiskeli alipofika hadi alipoambiwa azime gari. Alisimulia yote, polepole. Damari aliacha chungu kikaungua.

"Nililia, naye akalia," anasema Damari. "Kisha nikampa maji akaoga, nikampa chakula. Akasema, 'Mama Anania, viazi hivi vina chumvi nyingi.' Nikajua mume wangu amefika."

Usiku ule Yotamu alilala mpaka majogoo, na zaidi ya majogoo. Asubuhi Anania alitumwa kumwamsha, kwa kuwa mgonjwa alikuwa akingoja kupelekwa Mbeya. Kabla ya kuondoka Yotamu alipita kwa Bwana Mganga kusema kwamba lile jembe alilokuwa ameomba wampe mtu mwingine.

Tangu hapo nyumba yao ina desturi. Yotamu akirudi, kwanza anaosha gari. Kisha anakaa jikoni, na kabla ya chakula Damari anamwuliza, leo imekuwaje? Anasema: kama pancha, pancha, kama kuna aliyemtukana, anamtukana naye palepale jikoni, kama kuna aliyefariki, anamtaja jina. Damari naye anasema ya kwake. Chakula kikishaletwa, hapana kurudia.

Haimaanishi kwamba mambo sasa yamekuwa mepesi. Wiki chache zilizopita bibi mmoja aliyetoka milima ya Wasafwa alifariki kabla hawajafika Mbeya. Yotamu aligeuza gari akamrudisha kwa watu wake, akakaa nao kidogo, akafika nyumbani jua limekwisha kuzama.

"Nilisema kwa Damari, leo tumempoteza Bibi. Tukaomba. Nikalala," anasema. "Zamani ningedhani kulala ni kumsahau. Sasa najua kesho yake kulikuwa na mwingine ananingoja, na huyo hana kosa. Nimpelekee dereva aliyekesha? Anastahili dereva mzima."

Evarista anathibitisha mabadiliko kwa namna yake. "Akina mama wenye watoto wanakaa mbele," anasema. "Mimi ndiye ninayekaa nyuma sasa, ndiye ninayekula upepo. Nimemwambia anunue sweta lingine, ananicheka."

Kuanzia mwezi Mei, misheni imempata Crispin, kijana mwenye familia aliyewahi kuendesha trekta huko Sao Hill, awe dereva wa pili. Yotamu anamfundisha njia. Anamwonyesha mahali pa kutoa mkanda wa feni na mahali pa kungoja. Anasema anamfundisha pia kuosha gari kabla ya kwenda nyumbani, lakini hilo Crispin bado analiona ni usumbufu.

Na kuna kazi nyingine inayoendelea. Kiangazi hiki watu wa Itundwe wamekubaliana na wa ng'ambo kujenga daraja la mawe juu ya Lyandala. Kalinga ni mmoja wa wasimamizi. Ameacha Mufindi ili awe karibu na nyumbani. Jumamosi ambazo hakuna mgonjwa, Yotamu huomba ruhusa ya kuteremka na Landrova, akasomba mawe pamoja nao. Nguzo ya kwanza imekwisha simama, ya pili imefika usawa wa goti. Wanawake huleta togwa, na kelele zao husikika mbali kabla hujauona mto.

Yotamu anatumaini kwamba kazi itakwisha kabla mvua za Novemba hazijaanza. Baada ya hapo ana mpango wa kuomba likizo, ya kwanza tangu aje Ilulamba, awapeleke Damari na watoto Rungwe kwa Krismasi. Safari hii, anasema, waende wote pamoja.

Mwandishi alimwuliza: daraja likishakwisha, atakapofika juu ya mto ule, atafikiri nini?

Yotamu aliinua jiwe, akampa Kalinga, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Kufikiri?" alisema. "Nitapita."